Unga wa mazoezi, vidonge vya kupunguza unene na moyo wa mtu: hesabu ambayo hakuna anayeifanya

Katika miji yetu ya mashariki, kutoka Bunia na Butembo hadi Goma, Bukavu na Uvira, kuna biashara ambayo makanisa yetu bado hayajaizungumzia sana. Ni biashara ya makopo ya unga na vidonge kwa watu wanaofanya mazoezi ili wapunguze mafuta mwilini. Kopo moja linaahidi nguvu, lingine linaahidi misuli, la tatu linaahidi kuyeyusha tumbo kwa wiki chache. Bidhaa hizo zinauzwa kwenye sale za mazoezi, kwenye maduka ya vipodozi, kwenye famasi za mitaani na kwa njia ya WhatsApp. Mara nyingi mnunuzi hachukui moja tu. Anachanganya mbili au tatu, na juu yake anakunywa kinywaji cha nguvu kutoka dukani ili apate pumzi ya kuinua vyuma.

Tunaandika juu ya mchanganyiko huo. Kopo moja peke yake, likiwa halisi na likitumiwa na mtu mzima mwenye afya, mara nyingi halimdhuru. Hatari iko katika jumla, na jumla hiyo hakuna anayeihesabu. Muuzaji anajua chake tu. Kocha anajua alichokipendekeza yeye. Daktari hajaambiwa chochote. Mama nyumbani anaona mtoto wake halali usiku, hajui kwa nini.

Tangu mwanzo tuseme wazi: kutaka kupunguza unene si majivuno. Wengi wetu tumeambiwa na daktari tupunguze uzito kwa sababu ya shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya magoti. Anayetii shauri hilo anafanya vizuri. Swali letu ni juu ya njia anayoichukua.

Meza moja, ahadi mbili

Kwa miaka mingi tatizo tulilolijua katika nchi yetu lilikuwa la upande mwingine. Mwili mnene ulikuwa dalili ya amani na chakula nyumbani, na mwili mwembamba ulileta maneno: njaa, ugonjwa, ndoa mbaya. Kwa hiyo wanawake wengi walinunua vidonge vya kunenepesha. Dawa mbili zinazojulikana sana ni siproheptadini, ambayo ni dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula, na deksametazoni, dawa kali ambayo hospitali huitumia kwa uangalifu. Zote mbili ziliuzwa rejareja bila karatasi ya daktari, na bado zinauzwa hivyo.

Leo vidonge vya kunenepesha na vidonge vya kupunguza unene vinaweza kukutana kwenye meza moja. Vijana wanatazama miili kwenye simu, bibi arusi anahesabu wiki zilizobaki, mama aliyejifungua anataka kurudi alivyokuwa. Ahadi ni mbili zinazopingana, lakini desturi ni ile ile: kutumia dawa kana kwamba ni chakula, kwa kumwamini anayeuza.

Kilichomo ndani ya kopo

Bidhaa za mazoezi hazifanani, na ni vibaya kuzihukumu zote pamoja. Unga wa protini ni chakula. Mtu anayekula maharagi, mayai, sambaza au maziwa ya kutosha anaweza kuishi bila huo. Kreatini ni kitu kinachopatikana pia katika nyama na samaki. Imechunguzwa miaka mingi, na gramu 3 hadi 5 kwa siku hazijaonekana kumdhuru mtu mzima mwenye figo nzima. Lakini kreatini huvuta maji ndani ya misuli, na mizani inaweza kupanda kwa kilo moja au mbili. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtu aliyekuja kupunguza uzito anaona umeongezeka, anaogopa, anaongeza kidonge cha kuchoma mafuta. Wengine wanaongeza hata dawa ya kukojoza, ambayo hutoa maji na chumvi za mwili, ikiwemo potasiamu ambayo moyo unaihitaji ili upige kwa mpangilio. Mafuta hayajatoka hata gramu moja.

Kundi la pili ni unga unaonywewa kabla ya mazoezi. Nguvu yake kubwa ni kafeini, ile ile iliyomo katika kahawa. Kijiko kimoja cha kipimo mara nyingi kinabeba miligramu 150 hadi 300. Ndani yake kuna pia beta-alanini, inayoleta mwasho usoni na mikononi kama sisimizi wanaotembea. Wengi hufikiri mwasho huo ndio ishara kwamba dawa inafanya kazi, na usipousikia wanaongeza kijiko. Mwasho huo hauonyeshi nguvu wala mafuta yanayoungua.

Kundi la tatu ni vidonge vinavyoitwa vichoma mafuta. Humo kuna kafeini tena, au guarana ambayo nayo ni kafeini kwa jina lingine. Kuna sinefrini kutoka machungwa machungu, yohimbini kutoka gome la mti wa Afrika ya kati na magharibi, na dondoo kali la chai ya kijani. Vitu kama kafeini, sinefrini na yohimbini, vinavyousukuma mwili uende mbio, ndivyo tunavyoviita hapa vichangamsho. Vinaamsha mwili kana kwamba kuna hatari: moyo unaongeza mwendo, mishipa inabana, shinikizo linapanda, joto la mwili linaongezeka, njaa na usingizi vinakimbia.

Mwishowe kuna dawa zenyewe, zinazopita kwa mlango wa nyuma: efedrini, klenbuterol ambayo hutumiwa kwa pumu na kwa wanyama, na homoni ya tezi ya shingo. Hizi si chakula hata kidogo. Anayezipendekeza bila kuwa daktari anacheza na moyo wa mwenzake.

Hesabu ya siku moja

Tuchukue mfano wa kawaida. Asubuhi mtu anakunywa kikombe cha kahawa, karibu miligramu 90 za kafeini. Saa sita anameza vidonge viwili vya kuchoma mafuta, vyenye miligramu 200 kwa pamoja. Jioni, kabla ya sale ya mazoezi, anachanganya kijiko cha unga chenye miligramu 300. Njiani ananunua kinywaji cha nguvu cha nusu lita, chenye karibu 160. Jumla ni miligramu 750.

Mwaka 2015 mamlaka ya Ulaya inayosimamia usalama wa chakula ilipima uchunguzi uliokuwepo, ikasema kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku bila wasiwasi, na 200 kwa mara moja. Kwa mwanamke mwenye mimba kipimo ni 200 kwa siku nzima. Mtu wetu wa mfano amekaribia mara mbili ya kipimo cha siku, na jioni peke yake amechukua 460 kwa wakati mmoja, dakika chache kabla ya kuulazimisha moyo kufanya kazi ngumu.

Kafeini haitoki mwilini haraka. Kwa mtu mzima wa kawaida nusu yake hutoka kwa muda wa saa tano hivi. Aliyekunywa 460 saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku bado ana karibu 230 mwilini, zaidi ya vikombe viwili vya kahawa, na ndiyo saa anayotaka kulala. Kwa mwanamke anayetumia vidonge vya kupanga uzazi, muda huo unaweza kufika karibu mara mbili. Asubuhi anaamka amechoka, na dawa ya uchovu anayoijua ni kijiko kingine.

Faida yenyewe ni ndogo

Je, anapata nini kwa hatari hiyo? Uchunguzi wa mwaka 1989 ulionyesha kwamba miligramu 100 za kafeini huongeza matumizi ya nguvu ya mwili uliopumzika kwa asilimia 3 hadi 4, kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Mtu mzima aliyeketi hutumia karibu kalori 70 kwa saa. Asilimia hizo kwa muda huo ni kama kalori 6. Kijiko kidogo cha sukari kina kalori 16. Hata tukiizidisha kafeini mara tatu, na tukadhani faida nayo inazidi mara tatu, tumefidia kijiko kimoja cha sukari katika chai.

Hiyo ndiyo hesabu ambayo muuzaji haonyeshi. Mtu anaweza kulipa dola nyingi kwa kopo, akabeba mapigo ya moyo na usiku bila usingizi, ili apate kile ambacho angekipata kwa kupunguza kijiko kimoja cha sukari. Kinachomfanya aone mabadiliko ni kwamba dawa imefukuza njaa, na pia imetoa maji mwilini. Akiacha dawa, njaa inarudi na maji yanarudi. Na usingizi uliopotea nao una deni lake, maana mtu asiyelala vizuri husikia njaa zaidi kesho yake.

Dunia imekwisha kulipa karo ya somo hili

Mambo haya si mapya. Katika vita vya kwanza vya dunia, wafanyakazi wa viwanda vya mabomu nchini Ufaransa walikonda na wengine wakafa kwa kugusa kemikali inayoitwa DNP. Mwaka 1933 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford nchini Marekani waliitangaza kama dawa ya kupunguza unene. Ilipunguza kweli, kwa kuufanya mwili uunguze chakula kama moto usiozimika. Watu walipata mtoto wa jicho, wengine walikufa kwa joto la mwili. Kufikia 1938 Marekani ilikuwa imekwisha kuitoa katika matumizi ya watu. Hata hivyo katika miaka ya intaneti ilirudi, ikauzwa kwa vijana wa sale za mazoezi, ikaua tena. Uingereza iliiweka katika orodha ya sumu zinazodhibitiwa mwezi wa Oktoba 2023.

Katika miaka ya 1990 watu waliojenga mwili walizoea mchanganyiko wa vitu vitatu: efedrini, kafeini na aspirini. Mmea unaotoa efedrini uliuzwa Marekani kama nyongeza ya chakula. Februari 2003 mchezaji wa besiboli Steve Bechler, mwenye miaka 23, alianguka katika mazoezi huko Florida. Alikuwa anataka kupunguza uzito, alikuwa akijinyima chakula, na alitumia bidhaa yenye mmea huo. Joto la mwili wake lilifika nyuzi 42. Alikufa siku iliyofuata. Daktari aliyechunguza mwili wake alisema bidhaa hiyo ilichangia, pamoja na unene, shinikizo la damu na joto la siku ile. Mwezi wa Aprili 2004 mauzo ya mmea huo kama nyongeza ya chakula yalipigwa marufuku nchini humo.

Tuangalie vizuri kifo hicho. Ni mambo mengi yaliyokutana saa moja, na kila moja peke yake lingeweza kupita salama.

Baada ya efedrini kukatazwa, viwanda vilitafuta kichangamsho kingine, DMAA. Aprili 2012 mwanamke wa miaka 30 alianguka katika mbio za marathoni za London, karibu na mwisho, akafa. Uchunguzi wa kisheria ulisema kwamba DMAA aliyokunywa katika unga wa mazoezi, pamoja na jitihada kubwa ya mwili, vilichangia. Ikakatazwa nayo. Mlango mmoja ukifungwa, mwingine unafunguliwa kwa jina jipya.

Tusifikiri pia kwamba kila kilichoandikwa na daktari kiko salama. Nchini Ufaransa dawa iliyoitwa Mediator iliuzwa kuanzia 1976 hadi 2009. Ilikuwa ya wagonjwa wa kisukari, lakini madaktari wengi waliwaandikia watu waliotaka kupunguza unene. Iliharibu vali za moyo. Daktari mmoja wa mapafu katika hospitali ya Brest, Irène Frachon, ndiye aliyekusanya ushahidi na kukataa kunyamaza. Mwaka 2021 mahakama ya Paris iliihukumu kampuni iliyoitengeneza kwa udanganyifu mkubwa na kwa kusababisha vifo bila kukusudia.

Na kuna udanganyifu wa chai na kahawa za kupunguza unene zinazoandikwa kuwa za miti shamba tupu. Mara nyingi wakaguzi wa nchi mbalimbali wamekuta humo sibutramini, dawa iliyotolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza mishtuko ya moyo na kiharusi. Anayekunywa chai hiyo akiongeza unga wa mazoezi hajui kwamba amechanganya vichangamsho viwili.

Kwa nini kwetu hatari ni kubwa zaidi

Kwanza, wengi wetu hatujui shinikizo letu la damu. Hapa ndipo penye kitanzi. Anayehitaji zaidi kupunguza mafuta mara nyingi ndiye mwenye shinikizo lililopanda, na ndiye ambaye kichangamsho kinamdhuru zaidi. Kijana mwembamba anaweza kuvumilia kijiko cha unga. Baba wa miaka 45 ambaye hajapimwa kamwe anaweza asivumilie. Na wote wawili wanauziwa kopo lile lile.

Pili, dawa tunazozitumia kila siku. Siprofloksasini, ambayo kwetu watu wengi huinunua wenyewe wakishuku tifoidi, huzuia ini lisiondoe kafeini. Kijiko kimoja kinaweza kufanya kazi kama viwili. Kwinini ya malaria inagusa mpangilio wa mapigo ya moyo. Baadhi ya dawa za mafua zina ndugu wa efedrini. Mtu anaweza kuzoea unga wake miezi mingi bila shida, kisha siku aliyougua na kumeza dawa ndipo moyo unapovurugika.

Tatu, hali ya hewa na maji. Uvira na Kalemie, Kindu na Kisangani, jioni bado ni moto. Sale nyingi za mazoezi ni vyumba vya mabati visivyo na hewa ya kutosha. Kichangamsho kinaongeza joto ndani, mabati yanaongeza joto nje, na maji safi ya kunywa hayapatikani kirahisi kila mahali.

Nne, kufunga. Hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Makanisa yetu hufunga siku tatu, siku saba, hata siku 21, na wengine hufunga bila maji. Kuna vijana wanaoona nafasi hapo: nitafunga, nitakunywa vidonge vyangu, nitakonda upesi. Tumbo tupu, mwili bila maji, potasiamu imeshuka, kichangamsho juu yake, kisha mazoezi. Ni karibu picha ile ile ya Florida. Pia anayeacha kafeini ghafula kwa ajili ya kufunga anaweza kupata maumivu makali ya kichwa, uchovu na hasira kwa siku mbili hadi tisa. Hayo si mashambulizi ya adui; ni mwili unaodai ulichozoezwa.

Tano, hospitali. Tangu vita vilipoingia Goma mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari, hospitali zetu, zikiwemo zile za makanisa, zimebeba majeruhi wengi kupita uwezo wao, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Dawa zimechelewa, familia hazina fedha. Mtu ambaye moyo wake umevurugika saa nne usiku anahitaji kipimo cha moyo, oksijeni na daktari aliye karibu. Katika mitaa mingi hana hata kimoja. Marekani, yenye hospitali tele, uchunguzi uliotolewa 2015 ulikadiria kwamba watu karibu 23,000 kwa mwaka hufika idara ya dharura kwa sababu ya nyongeza za chakula, na kwamba matatizo mengi ya mapigo ya moyo yalitokana na bidhaa za kupunguza uzito na za kuongeza nguvu, hasa kwa vijana wa miaka 20 hadi 34. Wao wanafika hospitali. Sisi je?

Nani anayekagua?

Mtu anaweza kusema: kopo limetoka Marekani au Ulaya, basi limekaguliwa. Si hivyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inaruhusu nyongeza za chakula ziuzwe bila mtengenezaji kuthibitisha kwanza kwa serikali kwamba ziko salama. Serikali inaingia baadaye, watu wakishaumia. Kwa upande wetu, kuna ofisi ya OCC inayokagua bidhaa zinazoingia, na ACOREP inayodhibiti dawa. Lakini unga wa mazoezi uko katikati: kwa mmoja ni chakula, kwa mwingine ni dawa, na bidhaa inapita hapo katikati. Katika miaka hii ya vita, bidhaa nyingi zinaingia katika mifuko ya wasafiri, na mnunuzi hana njia ya kujua kama kopo ni halisi, limepitwa na wakati au limejazwa upya.

Tunachoweza kufanya

Hatupendekezi vita dhidi ya sale za mazoezi. Kijana anayeinua vyuma jioni ni heri kuliko kijana anayekunywa pombe kali za vifuko. Makocha wanaweza kuwa wenzetu katika jambo hili, tukiwaendea kwa heshima. Tunaona mambo matano yaliyo katika uwezo wa kila parokia.

La kwanza, tupime shinikizo la damu. Karibu kila kusanyiko lina muuguzi mmoja. Mashine moja ya kupimia, meza moja baada ya ibada, Jumapili moja kwa mwezi. Mwenye shinikizo lililopanda aambiwe waziwazi: kwako wewe, vichangamsho hapana. Vivyo hivyo kwa mama mwenye mimba, mwenye ugonjwa wa moyo au figo, na kijana aliye chini ya miaka 18.

La pili, tufundishe hesabu. Vijana waandike kila wanachokunywa kwa siku, wajumlishe kafeini, kahawa na kinywaji cha nguvu vikiwemo. Ambaye hawezi kusoma kipimo kwenye kopo kwa sababu hakikuandikwa, asinywe. Kichangamsho kisizidi kimoja, kisinywewe baada ya saa tisa alasiri, na kisichanganywe na dawa ya hospitali bila kumwuliza aliyeiandika.

La tatu, mapasta wanapotangaza kufunga, waseme pia kwamba anayetumia dawa au vidonge vya kupunguza unene azungumze kwanza na muuguzi. Haipunguzi ibada. Inamlinda mwenye kuabudu.

La nne, tunapoletewa kijana asiyelala, mwenye hofu isiyo na sababu, moyo ukienda mbio na mikono ikitetemeka, tumwombee, na pia tumwulize anatumia nini. Wengi wetu tumebeba vita masikioni; usingizi wetu umekwisha kuwa mwepesi. Lakini hofu ya vita na hofu ya kafeini zinafanana kwa sura, na ya pili ina dawa rahisi: kupunguza kidogo kidogo.

La tano, turudi kwa njia inayofanya kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 za mwendo kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunatosha. Wengi wetu tunapanda milima kila siku. Tatizo liko zaidi katika sahani. Bugali ipungue kidogo, sombe na lengalenga ziongezeke, mafuta ya mawese yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa, soda na bia zipungue. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Kwa miezi sita ni kama kilo 12.

Dalili za kutopuuza

Anayetumia bidhaa hizi akisikia maumivu ya kifua, akizimia, moyo ukipiga bila mpangilio, akichanganyikiwa, jasho likikatika wakati mwili ni moto, mkojo ukiwa mweusi kama soda, au macho yakiwa ya manjano, asimamishe kila kitu. Aliye moto sana apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, huku njia ya kwenda hospitali ikitafutwa. Na kopo lipelekwe pamoja naye. Daktari anayeona kopo anapata muda ambao angeupoteza akikisia.

Asiyesema anachokunywa mara nyingi ananyamaza kwa aibu: anaogopa kuonekana anatafuta urembo, au kwamba pasta atamkemea. Tukimkemea leo, kesho atanywa kwa siri, na siku ya hatari familia haitajua la kumwambia daktari. Tuwe kanisa ambalo kijana anaweza kuweka makopo yake mezani na kusema: hivi ndivyo ninavyokunywa, nisaidieni kuhesabu.